Leo nimeikataa kazi ya Dar

Jamani, kazi nilishaipata. Mshahara mzuri, pa kulala papo. Kila nikipiga hesabu, jibu lilikuwa ni kwenda tu.

Mama yangu hapa Mikindani akaniuliza, "Mwanangu, umeswali istikhara?"

Nikaswali rakaa 2 za kumwomba Mungu aniongoze kwenye uamuzi, kisha ile dua tunayokiri kwamba Yeye anajua na sisi hatujui, anaweza na sisi hatuwezi. Wengi husubiri ndoto. Mimi sikuota chochote.

Kilichokuja ni uzito. Kila nikishika simu niwathibitishie, moyo unagoma.

Asubuhi hii nimewapigia, nimewaambia siji.

Nikatoka barazani. Mama alikuwa anabangua korosho, vidole vimejaa majivu, kucha zimeshika weusi wa yale mafuta ya maganda. Hakuuliza sababu. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akanisukumia bakuli la majivu, tukabangua wote.

Mbele sijui kuna nini. Akili bado inabisha. Lakini wallahi kifua kimetulia, utulivu ambao hesabu zangu zote hazikunipa. Alhamdulillah.

Ndugu zangu mliowahi kuswali istikhara kwa jambo zito, nyinyi jibu mlilijuaje? Nielezeni, nitasoma yote.