Kumbukumbu ya mradi: sanduku la Switch, na ubishi wa mkononi au sebuleni

Wiki ya kwanza

Ubishi ulianzia kwa kaka yangu, nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Sofia, Busia. Nilikuwa nimepata Switch ya mtumba, konsoli (mashine ya gemu) ya Nintendo inayochezwa mkononi au kwenye TV, ile ya toleo la kwanza la mwaka 2017, nikaipeleka kwake tuichomeke kwenye TV. Yeye ana PS4 Slim, konsoli ya Sony ya kwenye TV tu, anaitunza kama mboni ya jicho. Alicheza Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya mbio za magari, raundi mbili, akaweka pedi chini. "Hii ni konsoli dhaifu ya sebuleni," akasema. "Ukiiweka na yangu, haifui dafu." Baadaye shemeji akaitoa kwenye doki, kile kitako kinachoiunganisha na TV, akajilaza nayo kwenye mkeka, akasema hajawahi kushika kitu cha mkononi chenye picha safi namna hiyo.

Mashine ni moja, gemu ni ileile, jioni ni ileile, na hukumu mbili haziivi chungu kimoja. Jambo hilo lilininyima usingizi kabisa. Nikaamua kuipima mwezi mzima, na sambamba na hilo nijenge sanduku la betri litakaloifanya icheze kwenye TV hata stima ikikatika. Daftari ndilo hili.

Kwanza niweke wazi kitu ambacho wengi hapa mtaani wanakikosea. Doki haina nguvu ya ziada ndani yake. Chipu, Tegra X1 ya Nvidia, imo kwenye konsoli yenyewe, na doki inapitisha stima na picha tu. Kinachobadilika ni ruhusa: ikikaa kwenye doki, upande wa michoro wa chipu unakimbia hadi megahezi 768, ikiwa mkononi unashushwa, mara nyingi hadi 384 au 307, ili betri idumu na viganja visiungue. Ndiyo maana Mario Kart hutoka kwa pikseli 1080 kwenye TV na 720 mkononi. Kioo chenyewe cha inchi 6.2 mwisho wake ni 720, kwa hiyo mkononi hupotezi kitu unachoweza kukiona.

Wiki ya pili: basi la Kampala

Nilikuwa na safari ya kufuata mzigo, nikaona ndiyo nafasi ya kuipima kama kitu cha mkononi bila huruma. Chaji asilimia 100, mwanga wa kioo nusu, gemu ni Zelda: Breath of the Wild. Kwa toleo hili la kwanza watengenezaji wenyewe walitaja kama saa 3 kwa gemu hiyo, na konsoli kwa jumla kati ya saa 2.5 na 6.5.

Tuliondoka alfajiri. Mzee aliyekaa kando yangu aliniuliza, "Kijana, hiyo ni simu gani kubwa hivi?" Nikamwambia, "Si simu, mzee, ni ya gemu." Kuanzia hapo hadi Iganga hakuangalia tena dirishani. Kila farasi wangu alipokaribia genge alinishika mkono. Skrini ilitutosha sisi wawili, na hilo nimeliandika kwa wino mzito, maana simu yangu ingetulazimisha kugusanisha vichwa.

Jua lilipopanda na kuingia dirishani, mambo yakaharibika. Nilikuwa najiona uso wangu kuliko mandhari ya gemu. Nikaongeza mwanga, chaji ikaanza kushuka kwa kasi. Onyo la betri lilikuja tukikaribia Jinja, na tulipopita daraja la Nile nilikuwa nimeshaizima. Msitu wa Mabira wote niliupita mikono mitupu, hadi Namawojjolo nilipojinunulia gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma kupitia dirishani.

Kwa hiyo kama kitu cha mkononi haikufika Kampala. Toleo lililofuata, la mwaka 2019, lingefika, kwa sababu lilikuja na chipu inayokula stima kidogo, na saa zikapanda hadi kati ya 4.5 na 9, ilhali betri ni ileile ya mAh 4310. Ukinunua ya mtumba, angalia namba ya toleo kabla ya kutoa pesa.

Wiki ya tatu: sanduku

Nina paneli ya wati 100 juu ya mabati, betri ya volti 12 ya Ah (ampea-saa) 50, na TV ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja, zile zinazouzwa pamoja na seti za sola. Nilikata mbao, nikapanga: betri chini, kidhibiti cha chaji ubavuni, fyuzi ya ampea 10 kwenye waya mwekundu, juu soketi ya gari ya kuchomekea chaja. Doki nimeifunga kwa skrubu mbili kwenye kipande cha mbao nyuma, ikae imara watoto wakivuta konsoli.

Kazi ilikwama kwenye chaja. Niliyonunua kwanza ilikuwa imeandikwa wati 45. Nikachomeka, taa ndogo ya kijani ya doki ikawaka, ikafifia, ikazimika. TV giza. Nikabadili waya wa HDMI, ule wa picha wa kwenda kwenye TV, mara tatu kabla ya kumpelekea fundi wa redio karibu na stendi. Fundi hakugusa HDMI kabisa. Alitoa kipimo kidogo cha USB-C, akakiweka katikati ya chaja na doki, akanionyesha kidole kwenye namba: volti 9. "Maandishi ya kwenye kava niachie mimi," akasema, "wewe pima kinachotoka."

Hapo ndipo nilipojifunza. Konsoli na doki na chaja huongea kwanza. Konsoli ikiwa mkononi inakubali kujazwa hata kwa volti 5 za chaja ya simu, polepole. Lakini doki haitoi picha mpaka ipate volti 15, na chaja yake ya asili hutoa volti 15 kwa ampea 2.6, yaani wati 39. Nikatafuta chaja nyingine ya gari yenye volti 15. Fundi akanichomea risasi upya kwenye soketi, maana nilikuwa nimeunganisha kwa kusokota tu. Nikachomeka. Kipimo kikasoma 15.0, taa ya kijani ikatulia, TV ikaonyesha picha. Niliita nyumba nzima waje kuona.

Vipimo vyangu, betri ya konsoli ikiwa imejaa na Mario Kart inaendelea: kwenye doki wati 12 hadi 13, mkononi wati 7 hadi 8. TV inakula 24. Nikamwomba kaka tupime PS4 yake: wati 82, bila TV.

Wiki ya nne: Jumamosi usiku

Stima ilikatika saa mbili na dakika kumi. Kwa kaka, mechi ya mpira dakika ya 78 ikapotea, kioo kikawa cheusi. Kwetu sanduku halikujua kitu. Wakaja wote, kaka, shemeji, watoto wa jirani, tukawa tunabadilishana pedi wanne wanne. Wakiwa wawili gemu hukimbia picha 60 kwa sekunde, wakifika wanne inashuka hadi 30, na kaka aliliona hilo papo hapo na kulisema. Yuko sahihi. Kwenye TV jicho linaliona.

Ila hesabu ni hii. Betri ya Ah 50 ni wati-saa 600, nami sishuki chini ya nusu ili isife mapema, zinabaki 300. Switch na TV kwa pamoja ni wati 37 hivi, tunacheza saa saba ukiondoa kinachopotea njiani. PS4 na TV hiyohiyo ni zaidi ya wati 100, tena zipite kwenye inveta, kigeuza stima ya betri kuwa ya ukutani, inayokula chake. Saa mbili na nusu kwa shida. Stima ilirudi saa tano usiku, sisi hatujafika hata nusu ya hizo 300.

Hukumu yangu mpaka sasa

Daftari linasema saa 58 kwenye TV, saa 31 mkononi. Kwa hesabu hiyo mtu angesema ni ya sebuleni. Mimi nasema hapana, na nina sababu. Kila kipimo chake kimekatwa kwa kufuata mkono: wati zile chache, uhifadhi wa GB 32, chipu iliyofaa kufungiwa kwenye kitu cha gramu 400 hivi pamoja na pedi zake. Na waliotengeneza walijibu wenyewe. Mwaka 2019 walitoa Switch Lite, isiyotoa picha kwenye TV kabisa. Ya bila kioo, ya TV peke yake, hawajatoa mpaka leo. Anayeihukumu pamoja na PS4 anauliza kwa nini wati 13 hazifanyi kazi ya wati 82. Naihukumu kama kitu cha mkononi, na saa 58 za TV naziandika kama faida.

Switch 2 ya mwaka 2025 ndiyo inayonitia wasiwasi na hukumu hii. Kioo chake ni inchi 7.9 chenye pikseli 1080, kwenye TV inafika hadi 4K, iliyo kali zaidi ya 1080, na doki yake imewekewa feni. Doki inayohitaji feni si kitako cha kupitisha waya tu. Siku nikiishika nitaipima upya kuanzia sifuri.

Kazi iliyobaki: kisimamio cha mbao cha kuchezea mezani. Tundu la chaji la konsoli liko chini, kwa hiyo ikisimama kwa mguu wake huwezi kuijaza. Nimeshachora, kina mfereji wa waya wa milimita 12. Fundi seremala ameniambia nirudi Alhamisi.