Kianzio cha keki ya oda: anza na hesabu ya manunuzi, si na "nusu"

Muulize muoka keki wa Arusha au Moshi anachukua kianzio kiasi gani, wengi watakujibu "nusu". Waulize kwa nini nusu, jibu halipo. Nusu si mbaya, ila haijui umenunua nini. Kazi ya kianzio ni kufunika fedha itakayokuwa imeshatoka mfukoni mwako siku mteja akighairi.

Chukua mfano wa keki ya harusi ya ngazi tatu kwa shilingi 450,000. Tuseme unga, mayai, siagi, sukari na fondanti (sukari laini ya kufunikia keki) vinakula 150,000. Bodi, boksi na vijiti vya kushikilia ngazi 35,000. Topa, pambo la juu ya keki, yenye majina ya maharusi 25,000. Gesi na msaidizi wa siku mbili 50,000. Jumla 260,000. Ukiwa umeshika nusu, yaani 225,000, na mteja akaghairi Alhamisi, umepoteza 35,000 taslimu, na Jumamosi yako imekufa kwa sababu wengine ulishawakatalia. Topa ile haina mnunuzi mwingine duniani. Kwa keki hiyo kianzio cha haki ni asilimia 60, yaani 270,000. Keki ya kuzaliwa ya kilo moja au mbili isikusumbue kichwa: ilipwe yote wakati wa kuweka oda.

Ugumu uko kwenye kamati za harusi. Kamati inaishi kwa michango, na wachangiaji wetu wengi hukumbuka ahadi zao wiki ya mwisho. Ukimdai mweka hazina 270,000 miezi mitatu kabla, atakwenda kwa anayedai kidogo. Ndiyo maana malipo hugawanywa mara tatu. Kwanza kishika tarehe, kama 70,000 kwa keki hii, ambacho hakirudi kwa sababu kinalipia siku uliyoifunga. Pili, siku 14 kabla ya sherehe, anaongeza 200,000 kufikia ile 270,000. Kabla ya hapo usinunue chochote, hata topa. Tatu, 180,000 iliyobaki iingie Jumatano jioni kwa harusi ya Jumamosi, kabla hujawasha oveni.

Kumalizia malipo ukumbini ndiko kunakoua biashara nyingi. Ukifika na keki saa tisa alasiri, mweka hazina yuko kanisani, simu yake ameshika shemeji, na MC anataka meza iwe tayari. Utaiacha keki, utaondoka na "tutakutumia kesho". Keki ikishakatwa huna tena cha kushikilia.

Kwa pesa ya simu, usinunue vifaa kwa kuonyeshwa picha ya muamala. Picha hutengenezwa, na ujumbe wa kughushi hutumwa kutoka namba ya kawaida ukiwa umeandikwa kama wa mtandao. Fungua menyu yako, angalia salio. Kama jina la aliyetuma si la mteja, uliza palepale ni kwa oda ipi, maana mama mdogo akilipa kwa jina lake na wewe una oda nne za Jumamosi hiyo, utampa mtu risiti ya mwenzake. Na sema mapema kama bei ni pamoja na ada ya kutolea. Ugomvi wa elfu chache za makato huharibu uhusiano kuliko ugomvi wa laki. Akikupigia mtu kwamba amekutumia kwa bahati mbaya, usimrudishie kwa mkono wako. Mwelekeze huduma kwa wateja wa mtandao wake.

Kughairi kuwe na tarehe, si huruma ya siku hiyo. Zaidi ya siku 14 kabla: unarudisha kila kitu isipokuwa kishika tarehe. Siku 14 hadi 4: unakata kishika tarehe na gharama ya vilivyokwishanunuliwa, ukionyesha risiti, na kurudisha kinachobaki. Siku 3 kushuka chini: hakuna kinachorudi. Msiba uwekewe kifungu chake. Sherehe ikiahirishwa kwa msiba, hamishia malipo yote kwenye tarehe mpya ndani ya miezi sita, alimradi keki haijaokwa. Bila kifungu hicho utaonekana unakula rambirambi za watu.

Desemba Moshi ina kanuni zake. Wachaga wanarudi nyumbani, ubarikio (kipaimara), ndoa na sikukuu vinarundikana, na trei ya mayai haikai bei moja wiki mbili mfululizo. (Wapo wenye ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, mezani wanaoiita keki yao, lakini hata hao huagiza ya krimu kwa ajili ya watoto.) Makadirio ya bei ya mwezi huo yasidumu zaidi ya siku 7, bei ifungwe tu kianzio kikishaingia. Taja pia siku ya mwisho ya kupokea oda, na ishike.

Yote haya yaandikwe. Mkataba wa mdomo unakubalika, ila kuuthibitisha ni kazi. Ujumbe wa WhatsApp unasaidia, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Tuma hivi, na usubiri ajibu "nimekubali" kabla ya kupokea hata shilingi:

"Keki ngazi 3, vanila na chokoleti, fondanti nyeupe, Jumamosi tarehe fulani, ukumbi fulani saa 9 alasiri. Bei 450,000 na usafiri ndani ya mji. Kishika tarehe 70,000, hakirudi. 200,000 siku 14 kabla. 180,000 Jumatano kabla ya saa 12 jioni. Isipoingia, keki haiokwi. Kubadili muundo mwisho siku 14 kabla."

Stendi ya kuwekea keki usiichanganye na kianzio. Chukua amana yake pembeni, inayolingana na bei ya kununua nyingine, irudi stendi ikirudi nzima ndani ya siku mbili. Ipige picha ukiikabidhi, pamoja na keki ikiwa juu yake mezani, na uandike jina la aliyeipokea. Stendi nyingi hupotea usiku ule ule, zikibebwa na wapambaji pamoja na vyombo vyao.