Kumbakumba la Waya

Wiki iliyopita, hapa Dar es Salaam, nilipanda basi la mwendokasi Kimara na mjukuu, tunakwenda Kivukoni. Viti vilijaa, tukasimama pale katikati, juu ya lile duara linalozunguka basi linapokata kona. Mtoto akatazama chini, akatazama ile mikunjo ya mpira ubavuni, kisha akauliza kwa sauti ya kusikiwa na basi zima: "Bibi, hapa basi lilikatika wakaliunga?"

Kabla sijamjibu, nilishafika Temeke, uani kwa bibi yangu, mjomba kachuchumaa na plaizi mkononi.

Wa rika langu mnayakumbuka yale mabasi ya Ikarus ya UDA, shirika la usafiri la jiji, marefu, ya vipande viwili vilivyoungwa, ya kutoka Hungaria, tuliyoyaita kumbakumba. Magari ya waya ya kuchezea mtaani kwetu yalikuwa mengi: malori, matela, Land Rover. Mimi nilitaka kumbakumba. Mjomba akakubali, ila vifaa nitafute mwenyewe na waya nikunje mwenyewe.

Waya haukuwa shida. Tairi likichomwa jalalani huacha waya tele, ukiusugua kwa mchanga unang'aa. Shida ilikuwa magurudumu, yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu. Ile ni miaka ya baada ya vita vya Kagera, maduka matupu, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na ndala ilikuwa mali. Kamba ikichomoka ilishikizwa kwa msumari. Kisigino kikitoboka ilivaliwa hivyo hivyo kwenda bafuni. Mpaka ife kabisa ndipo mtoto athubutu kuiomba. Na wenzangu wa malori walitaka magurudumu manne tu, kumbakumba lina ekseli tatu, kwa hiyo sita. Nilizisubiri ndala za babu muda mrefu sana.

Zilipopatikana, mjomba alichora miduara kwa kifuniko cha kopo, akakata kwa kisu kilicholoweshwa maji ili mpira usikwaruzike. Tundu la katikati nilitoboa mimi, kwa spoku ya baiskeli iliyokaa kwenye mkaa hadi ikawa nyekundu. Spoku hizo hizo ndizo zilizokuwa ekseli. Kipande cha mrija wa peni kilizuia gurudumu lisisugue bodi, na kizibo cha soda kilichopondwa kililizuia lisichomoke.

Kiungo ndicho kilichotushinda. Tuliunganisha vipande viwili kwa waya, pembe kwa pembe. Nikasukuma, nikakata kona, nyuma ikaburuzwa ubavuubavu, ikapinduka. Mjomba hakusema kitu. Aliosha mikono, akaniambia, "Twende kituoni."

Tulisimama kituoni na hatukupanda. Kila kumbakumba lilipoondoka na kuingia barabarani, aliniinamisha nitazame chini ya ule mpira wa mikunjo. Kwanza niliona vumbi tu. Baadaye nikaona: nyuma haivutwi kwa pembe zake. Imeshikwa mahali pamoja, katikati, na hapo ndipo inapogeukia.

"Umeona nini?"

"Imeshikwa katikati, mjomba."

"Haya, turudi."

Tulitumia bolti fupi na nati yake, vizibo viwili vilivyotobolewa vikiwa washa, yaani visahani vya kukalia nati. Akanipa plaizi. "Kaza. Jaribu." Haikugeuka. "Legeza." Ikayumba. "Kaza tena kidogo. Usiniangalie mimi, vidole vyako vitakuambia." Nikawa nakaza na kulegeza, jua linahama kutoka ukutani kwenda mlangoni kwa jikoni, mpaka pakafika mahali nati ilikuwa imeshika na bado kiungo kinateleza. Nilipajua kabla hajasema. Tukafunika kwa tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa, tuliyoikunja kwenye pete za waya. Tyubu ile watoto wa kiume waliililia kwa ajili ya manati, hawakupewa.

Nikalizungusha mwembe. Mbele ikageuka, nyuma ikangoja kidogo, halafu ikaja yenyewe kwa upole, kama ndama nyuma ya mama yake. Nilipiga kelele, bibi akatoka jikoni na mwiko.

Lile gari lilidumu. Wadogo zangu wote walilisukuma, na likipoteza gurudumu, aliyekuwa analichezea ndiye aliyelitengeneza, maana kila mtu nyumbani alijua lilivyofungwa. Nadhani hilo ndilo lililolidumisha kuliko ugumu wa waya, ingawa waya wa tairi nao ni mgumu kweli.

Siku hizi magari ya waya nayaona yakiuzwa kwa watalii kama mapambo ya rafuni, na inaniuma. Ningependa yarudi sokoni kwa bei ya mtoto, yauzwe na fundi atakayeelekeza namna ya kubadilisha gurudumu. Mdogo wangu anapinga. Anasema gari la waya la kununua halina faida yoyote, mtoto akaokote vifaa mwenyewe. Namwelewa. Lakini mjukuu wangu anaishi ghorofa ya tatu, hana uani, na jalala la siku hizi lina sindano na chupa zilizovunjika. Mdogo wangu anajibu kwamba spoku na bolti zinauzwa kwa fundi baiskeli yeyote. Hapo tulipoishia. Mimi ninachohofia zaidi ni ule muda: mjomba alikuwa na alasiri nzima ya kusimama kituoni na mtoto bila kwenda popote, na mama wa huyu mtoto anarudi kazini saa mbili usiku.