Nilivyosawazisha breki za mbele na nyuma baada ya kuondoa busta kwenye Escort

Ford Escort Mk II ninayoiandaa kwa mashindano ya magari ya zamani hapa Kenya ina kemushafti (shafti inayofungua vali) kali na kabureta mbili za Weber, na injini ya namna hiyo inapozunguka polepole haivuti hewa ya kutosha kuendesha busta, kifaa kinachotumia mvuto huo wa hewa kuongeza nguvu ya mguu kwenye breki. Kwa hiyo niliiondoa, nikafunga pedali yenye uwiano wa 6 kwa 1 (huzidisha nguvu ya mguu mara sita) inayosukuma silinda kuu mbili za mafuta ya breki, moja ya mbele na nyingine ya nyuma, kupitia ufito wa mizani unaogawa nguvu hiyo kati yake.

Wengi hukimbilia kuuzungusha ufito huo, ilhali kazi kubwa hufanywa na kipenyo cha silinda. Kwa nguvu ileile ya mguu, silinda nyembamba hutoa shinikizo kubwa zaidi, ingawa pedali nayo huzama zaidi. Nilichagua ya milimita 15.9 mbele na ya milimita 17.8 nyuma, hivyo hata ufito ukiwa katikati kabisa, diski za mbele hupata shinikizo linalozidi la nyuma kwa takriban robo. Tofauti hiyo ni ya lazima, kwa kuwa gari likishika breki uzito huhamia mbele na matairi ya nyuma hubaki mepesi.

Wakati wa kutoa hewa kwenye mafuta ya breki nilifungua nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, la sivyo ufito hulala upande mmoja na pedali haifiki mwisho.

Majaribio niliyafanya kwenye lami kavu katika uwanja mtupu, mwenzangu akitazama kwa mbali tairi lipi linafunga, yaani linaacha kuzunguka, kwanza. Ya mbele yanapaswa kutangulia kwa tofauti ndogo: hapo gari huenda moja kwa moja na usukani haujibu, jambo la kutisha, lakini ukiachia pedali kidogo linakwisha; ya nyuma yakitangulia, mkia huja mbele. Mwanzoni ya nyuma ndiyo yaliyotangulia, nikausogeza ufito kuelekea silinda ya mbele hadi mpangilio ukageuka.

Kwenye moramu, ambako tairi halishiki sana na uzito unaohamia mbele ni mdogo, huurudisha kidogo kuelekea nyuma. Mipangilio yote miwili nimeitia alama ya rangi, na siingii barabara kuu kabla ya kurudi kwenye ule wa lami.