COBOL: kwa nini mwanachama wa mwisho anachapwa mara mbili

Programu ya COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta, inatoa ripoti ya wanachama watano wa ushirika, lakini mistari iliyochapwa ni sita. Akiba zao ni 12,000, 8,500, 20,000, 5,000 na 15,000. Jumla ilipaswa kuwa 60,500, karatasi inasema 75,500. Toa moja kwa nyingine: 15,000, yaani akiba ya mtu wa mwisho. Tofauti ikilingana hivyo na rekodi ya mwisho, usihangaike na PICTURE (tamko la umbo la data) wala hesabu. Nenda moja kwa moja kwenye kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa.

Kwa kawaida utakuta hivi:

    PERFORM UNTIL MWISHO
        READ FAILI-WANACHAMA INTO WS-MWANACHAMA
            AT END SET MWISHO TO TRUE
        END-READ
        ADD WS-AKIBA TO JUMLA-KUU
        PERFORM CHAPA-MSTARI
    END-PERFORM

PERFORM UNTIL hukagua sharti kabla ya kila mzunguko, basi. Haikatizi mzunguko ulioanza. READ ya sita inakuta faili limekwisha, MWISHO inawekwa, lakini ADD na CHAPA-MSTARI bado zinafuata. Na kwa kuwa READ iliyokosa rekodi haihamishi kitu kwa INTO, WS-MWANACHAMA bado imembeba yule wa tano. Ndiye anayejumlishwa tena.

Dawa ni kuhamishia READ na AT END yake kwenye aya ya SOMA-REKODI, kusoma mara moja kabla ya kitanzi, kisha kusoma tena mwishoni mwa kila mzunguko:

    PERFORM SOMA-REKODI
    PERFORM UNTIL MWISHO
        ADD WS-AKIBA TO JUMLA-KUU
        PERFORM CHAPA-MSTARI
        PERFORM SOMA-REKODI
    END-PERFORM

Unaweza pia kuacha READ pale ilipo na kuingiza ADD na CHAPA-MSTARI ndani ya NOT AT END. Ni sahihi vilevile, ila aya ya SOMA-REKODI inasomeka vizuri zaidi, na mahali pa kukagua hali ya faili panabaki pamoja. Angalizo: ukisahau SOMA-REKODI ya chini, mwanachama wa kwanza atachapwa bila kikomo hadi diski ijae.

Kinyume chake nacho kipo: ripoti nzima ina mstari mmoja tu, wa mtu wa mwisho. Hilo ni tatizo la programu za zamani, zilizoandikwa kabla ya END-READ kuja na COBOL-85, kiwango cha lugha hiyo cha 1985. Humo nukta ndiyo inayofunga sentensi. Nukta ikikosekana baada ya AT END MOVE 'N' TO WS-ALAMA, basi ADD na CHAPA-MSTARI zote zinahesabiwa kuwa sehemu ya AT END, na hufanya kazi faili likiisha tu. Wakati mwingine nukta unaiona kabisa kwenye skrini, lakini imeangukia safu ya 73. Katika mpangilio wa zamani kompaila husoma hadi safu ya 72, kinachozidi hapo hakipo. Washa namba za safu kwenye kihariri chako kabla ya kubishana na kompaila.

Kitanzi kisichoisha kinachotoa mistari mitupu kina chanzo kingine, na hiki huwachosha watu sana. Faili halikufunguka. OPEN ilirudisha namba ya hali 35, faili halipo. Kwa kuwa FILE STATUS (sehemu inayopokea namba hiyo, hapa WS-HALI) imetangazwa, programu haikusimama. Kila READ inarudisha 47, yaani faili halijafunguliwa kwa kusomwa, lakini AT END huitikia hali zinazoanza na 1 tu, kama 10. MWISHO haitawekwa kamwe. Baada ya OPEN weka:

    IF WS-HALI NOT = '00'
        DISPLAY 'FAILI HALIKUFUNGUKA: ' WS-HALI
        STOP RUN
    END-IF

Na kama majina yanasogea kulia herufi moja kila mstari, kama ngazi, kitanzi hakina kosa. Faili ni la maandishi, lakini SELECT, tamko la faili kwenye programu, inasema ORGANIZATION SEQUENTIAL, yaani rekodi za urefu uleule zisizotenganishwa kwa mistari. Rekodi ni ya herufi 80, kila mstari una herufi 80 na alama ya mwisho wa mstari, na alama hiyo inaingia mwanzoni mwa rekodi inayofuata. Kwenye GnuCOBOL, kompaila ya bure ya COBOL, andika LINE SEQUENTIAL.

Ukishasahihisha, jaribu na faili la rekodi moja, kisha tupu kabisa. Hili la pili linapaswa kutoa kichwa cha ripoti na jumla ya 0, bila mstari wowote wa mwanachama. Ukiuona hata mmoja, kuna uchapaji ambao bado unafanyika baada ya READ bila kuuliza kama rekodi imepatikana.