Nilivyochagua risasi za gobore kwa kuwinda elki Colorado

Kila anayepata leseni ya kuwinda elki, yaani kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, kwa gobore hapa jimboni Colorado, Marekani, huulizwa na wenzake jambo moja: unatumia risasi ya uzito gani? Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Kuna sheria kwanza, halafu kuna mtutu wako mwenyewe. Uzito unafuata baada ya hapo.

Kwa ndugu zangu wa Afrika Mashariki mnaoishi huku na mnatamani kuingia msituni: gobore la hapa si lile la kuchongwa kienyeji ambalo kwetu Tanzania hukamatwa na askari wa wanyamapori. Hili ni la kiwandani, lina namba, linauzwa dukani. Ila bado linashindiliwa kwa mdomo kama la babu zetu: baruti kwanza, risasi juu yake, halafu fataki ya kuwashia nyuma. Msimu wake ni siku 9 katikati ya Septemba, wakati elki dume wanalia milimani wakitafuta majike, na leseni hutolewa kwa kura.

Sheria ilinisaidia kuliko ushauri wa mtu yeyote, kwa sababu ilipunguza machaguo. Kwa elki, upana wa ndani wa mtutu usipungue kaliba .50, yaani nusu inchi au milimita 12.7. Darubini hairuhusiwi, unalenga kwa macho na kilengeo cha kawaida. Baruti iwe ya kumimina. Ya vidonge na ile isiyotoa moshi zimekatazwa. Zile risasi nyembamba zinazovikwa kikombe cha plastiki, ambazo majimbo mengine wanazipenda sana, nazo zimekatazwa. Na urefu wa risasi ndefu usizidi mara mbili ya kipenyo chake. Kwa .50 maana yake ni inchi moja, basi. Kanuni hizi zimo kwenye kitabu cha kila mwaka cha Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, na ni vizuri ukisome mwenyewe kila msimu.

Baada ya hapo nilibaki na aina mbili: goroli ya mviringo inayofungwa kwa kitambaa chenye mafuta, au risasi ndefu iliyochongoka, ya kujaa mtutu. Goroli ya kaliba .50 ina uzito wa greni 177 hivi, kama gramu 11 na nusu. Wapo wanaoangusha elki kwa goroli wakiwa karibu sana, nami nawaheshimu. Lakini goroli hupoteza kasi upesi hewani, na elki dume anaweza kufika kilo 300 na zaidi, mwenye bega la mfupa mnene. Isitoshe, mifereji ya ndani ya mtutu wangu inazunguka duara moja kila inchi 28. Mzunguko wa haraka namna hiyo unafaa risasi ndefu. Goroli hupenda wa taratibu, kama inchi 66. Kwa hiyo goroli niliiacha.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka mtu alishike. Bunduki mbili zilizoandikwa .50 zinaweza kutofautiana ndani kwa sehemu ya elfu ya inchi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu. Nilinunua aina tatu za risasi ndefu na kuzijaribu bila baruti wala fataki. Ya kwanza iliteleza yenyewe hadi chini. Ya pili ilitaka kugongwa kwa nyundo, na huko porini vidole vikiwa na ganzi ya baridi huwezi. Ya tatu niliisukuma kwa dole gumba. Ikagoma kidogo, kisha ikaingia. Nilipoitoa kwa skrubu ya kuvutia, niliona ukingoni mwake vijistari vilivyochorwa na mifereji ya mtutu. Hiyo ilikuwa imeshika.

Kisha nikaishindilia tena, bado bila baruti, nikachora alama kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, pale ulipokutana na mdomo wa mtutu. Nikaibeba bunduki mdomo chini, nikaipitisha kwenye barabara ya mawe ndani ya gari, nikapima upya. Alama ilikuwa palepale. Ile iliyoteleza, kwa jaribio hilohilo, ilikuwa imesogea mbele upana wa vidole viwili. Hili si suala la shabaha tu. Risasi ikiachana na baruti, pale katikati panabaki uwazi, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mbele ya uso wako. Mpaka leo msituni napima kwa mdeki kila baada ya mwendo mrefu.

Risasi iliyoshinda ni ya madini laini ya risasi, ya greni 400 na ushei, karibu gramu 27, iliyopakwa nta ya nyuki na mafuta. Chini yake naweka kipande cha sufu nene ili moto wa baruti usipenye pembeni. Baruti nilianza kwa kipimo cha chini, nikapanda kidogo kidogo bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji wa bunduki. Nilisimama kwenye greni 80, maana kuongeza zaidi kuliniongezea teke la bega na kutawanya matundu kwenye shabaha. Kati ya risasi na risasi nilifuta mtutu kwa kitambaa chenye unyevu. Masizi yakijaa, risasi ya pili haifiki chini. Yadi 75 matundu yote yalienea ndani ya sahani ya wali. Yadi 100 yalianza kutoka nje, hivyo 75 ndio mwisho wangu.

Elki wangu wa kwanza alikuwa jike, katika Msitu wa Taifa wa White River, amesimama ubavu kati ya miti ya aspeni, ndani ya kipimo changu. Risasi iliingia nyuma ya bega ikatokea upande wa pili, naye hakwenda mbali. Damu ilikuwa pande zote mbili za njia, rahisi kufuata. Hicho ndicho nilichotaka kutoka kwa risasi nzito inayokwenda taratibu: ipite.

Nyama tunakula na watoto, na madini ya risasi ni sumu, hivyo eneo la jeraha nilikata kwa upana na kulitupa. Jambo hilo ndilo linalonisukuma nijaribu za shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi kwa karibu moja ya tano, na urefu umefungwa na sheria, kwa hiyo nashuka hadi greni 300 hivi. Nimeshaagiza pakiti ya majaribio yenye vipenyo tofauti. Shaba ni ngumu na haikubali kubanwa na mtutu kama madini laini, kwa hiyo kipenyo lazima kiwe sahihi tangu mwanzo.