Mradi wangu wa MSX: kupima kilobaiti 32 zisizoonekana

Wiki hii ukarabati wa kompyuta yangu ya MSX, aina ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, umefikia hatua niliyokuwa nikiingojea kwa hamu, nayo ni kupima RAM (kumbukumbu ya kuandikwa na kusomwa) yote, pamoja na ile nusu ambayo BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani yake, haiifikii. Ukiiwasha, skrini ya bluu inaonyesha kwamba baiti zilizo wazi ni 28815, ilhali ndani mna RAM ya kilobaiti 64. Sababu ni kwamba prosesa ya Z80 huona kilobaiti 64 tu kwa wakati mmoja, na 32 za chini zimekaliwa na ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) ya BASIC.

Kiwango cha MSX, kilichotangazwa mwaka 1983 na kampuni za ASCII na Microsoft, kililigawa eneo hilo la kilobaiti 64 katika kurasa 4 za kilobaiti 16, na kila ukurasa unaweza kutoka katika sloti (nafasi ya kuunganishia kumbukumbu) yoyote kati ya 4. Poti ya 168, mlango ambao prosesa huusoma na kuuandikia namba, ndiyo inayoamua, kwa biti 2 kwa kila ukurasa. Niliandika PRINT INP(168) nikapata 240, maana yake kurasa za chini zinatoka sloti 0 na za juu sloti 3. Kwenye mashine nyingine jibu huwa tofauti, kwa sababu Sony, Philips, Toshiba na wenzao waliachiwa wachague sloti ya RAM, na programu iliyoandikwa vizuri huitafuta kwanza. Uhuru huo naupenda mno.

Kipimo nimekiandika kwa lugha ya mashine na kukiweka kwenye anwani 49152, katika ukurasa wa juu kabisa, kwa kuwa kubadili kurasa za chini kunaiondoa BASIC yenyewe. Kwanza kinazuia ishara ya chipu ya picha, ambayo mara 50 kwa sekunde huirukisha prosesa hadi anwani 56, mahali ambapo sasa pana RAM tupu. Kisha kinaandika 255 kwenye poti ili kurasa zote zitoke sloti 3, kinajaza kila anwani ya kurasa za chini kwa namba 85, halafu 170, kinasoma tena, na mwisho kinarudisha 240.

Matokeo ni kwamba biti ya 5 inarudi 1 daima katika sehemu ya ukurasa wa chini kabisa. Chipu za RAM ni 8, kila moja ikishika biti moja ya kila baiti, hivyo yenye hitilafu inajulikana. Nimeagiza chipu nyingine ya RAM ya aina hiyo, 4164, nami nitaipachika kwenye soketi na kurudia kipimo kabla ya kuunganisha kiendeshi cha diski.